Sura ya Sita: Kofia ya Kasiba

Katika uwanja mmoja wa shabaha, nje kidogo ya mji wa Columbus katika jimbo la Ohio, nilisimama asubuhi ya Jumamosi nyuma ya binamu yangu, masikio yangu yamezibwa na macho yangu yamekingwa kwa miwani niliyoazimwa mlangoni, nikamwona akipiga risasi ya kumi na tatu au ya kumi na nne, kisha akaitoa magazini, akaikagua chemba kama ipasavyo, akaichungulia bastola yake kwa uso wa mtu aliyepapasa mfukoni asiukute ufunguo wa nyumba. Kilichopotea kilikuwa kitu kidogo mno: pete ya chuma cheusi, urefu wake kiasi cha pingili moja ya kidole, iliyo wazi upande huu na upande huu kama subana iliyokatwa kichwa, ambayo kazi yake yote duniani ni kuvikwa juu ya hesi zilizochongwa kwenye mdomo wa kasiba ili zisigongwe wala zisiingiwe na uchafu. Tuliitafuta kwa muda, tukaikuta mbele ya meza, imelala katikati ya maganda ya shaba yaliyotapakaa, ingali na joto.

"Kaka, hii mara ya tatu mwezi huu," akasema.

"Nawe huikazi?"

"Naikaza mpaka vidole vinaniuma."

Nimeandika juu ya misumari, gundi za maseremala na kamba za matanga katika sura zilizotangulia, na sikutazamia kwamba bastola ingepata nafasi katika kitabu hiki, kwa kuwa sina mapenzi na silaha na sikuwahi kumiliki hata moja. Lakini jibu lile la binamu yangu lilinikaa moyoni siku nyingi. Kitu kilichokazwa mpaka vidole vikauma, kisha kisiguswe na mkono wa mtu, chawezaje kujizungusha chenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kikadondoka?

Kwanza yafaa msomaji ajue kwa nini bastola ikachongwa hesi mdomoni. Kasiba, neno ambalo wazee wetu walilipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni unyasi na bomba, kwa desturi huishia ikiwa laini bila ya pambo lolote. Ila mwaka 1909 Mmarekani mmoja, Hiram Percy Maxim, alipata hataza ya chombo cha kupunguza mshindo wa bunduki, kinachofungwa mdomoni na kuzichelewesha hewa za moto zisitoke kwa ghafula. Mtu huyu alikuwa mtoto wa yule Maxim mwingine ambaye rashasha yake ilifika katika pwani na bara yetu pamoja na majeshi ya wakoloni. Baba akaleta kelele, mtoto akaja kuzipunguza. Mwaka 1934 serikali ya Marekani ilikitia chombo hiki katika sheria ya silaha zinazoandikishwa na kukitoza ushuru wa dola 200, fedha ambazo siku zile zilikuwa mali hasa, na tangu mwaka 1994 hata 2004 ilikuwapo sheria nyingine iliyoihesabu kasiba ya bastola yenye hesi kuwa miongoni mwa alama za silaha zisizoruhusiwa kuuzwa. Sheria hiyo ilipokwisha muda wake, bastola zenye mdomo wa hesi zilirejea madukani kwa wingi, na wengi wanaozinunua, kama huyu binamu yangu, hawana hicho chombo cha kupunguza mshindo wala hawajapata kukitumia. Wana hesi tu. Na hesi isiyovikwa kitu ni kama jino lisilo na fizi.

Maana hesi hizi ni nyembamba. Kwa bastola za risasi ya milimita 9 zitengenezwazo kwa desturi ya Kimarekani, kipenyo chake ni nusu inchi, na katika kila inchi moja ya urefu zimekatwa mara 28, hata ukipitisha ukucha juu yake utasikia mkwaruzo kama wa kitana cha meno madogo. Bastola ikianguka sakafuni kwa mdomo, au ikikwangua mlango wa gari, uzi wa kwanza ukipinda hata kwa unene wa karatasi, hakitaingia tena chochote pasipo kupitishiwa tupa. Kwa hiyo kiwanda huivika kasiba kofia, na kofia hiyo sharti ifungwe imara. Na papo hapo sharti iweze kuvuliwa, kwa sababu mwenye bastola akitaka kuisafisha hana budi kuichomoa kasiba kwa kuipitisha nyuma, ndani ya tundu la lile pande la chuma lililopo juu, na aghalabu haipiti ikiwa imevaa kofia.

Hapo ndipo ilipo taabu yote, nami namwomba msomaji aishike, kwa kuwa ndiyo inayoitenga parafujo na ndugu zake wote. Kama haja ingalikuwa kufunga kitu kisifunguke milele, fundi yeyote wa mtaani angaliimaliza kazi kwa lehemu au kwa ribiti, akalipwa, akaenda zake. Kazi ngumu ni kufunga leo kitu ambacho utakifungua Jumapili jioni kwa vidole vyako mwenyewe, ilhali kati ya leo na Jumapili kitapigwa, kitatikiswa na kuunguzwa mara mia mbili kisilegee hata kidogo.

Parafujo, jina tulilolichukua kwa Wareno na ambalo sasa limesukumwa kando na skrubu, ni mlima uliokunjwa. Kata karatasi kwa umbo la pembetatu ndefu, uizungushe juu ya penseli, utaona ule ukingo wa mshazari unapanda kwa kuzunguka, na huo ndio uzi wa hesi. Sasa tuupime mlima wa kofia ya binamu yangu. Mzunguko mmoja katikati ya kina cha hesi zake una urefu wa milimita 38 hivi, na katika mzunguko huo kofia huendelea mbele kwa milimita 0.9 tu, yaani anayepanda mlima huu hupanda hatua moja kwa kila hatua 42 anazokwenda. Huo si mlima. Mtoto anayejifunza kutambaa asingeuona. Ilhali chuma kikilala juu ya chuma kikavu, msuguano wake peke yake hukizuia kisiteleze hata pale mtelemko unapofika hatua moja kwa kila kumi. Ukifuata hesabu hii, kofia iliyokazwa haina sababu hata moja ya kurudi nyuma: mtelemko ni mdogo mara nne kuliko ule ambao msuguano unaweza kuuzuia. Na hesabu hii ni sahihi. Nati iliyokazwa na kuachwa katika utulivu hukaa miaka hamsini mpaka kutu ikaifanya moja na bolti yake.

Jawabu la fumbo hili niliwahi kuliona kwa macho yangu utotoni bila ya kujua kwamba ni jawabu. Bandarini Tanga, jahazi lilipokuwa likishusha mbata, uliegemezwa ubao kutoka ukingoni mwa chombo mpaka nchi kavu, nao wachukuzi waliposhikwa na uchovu waliliweka gunia juu ya ubao likatulia pale pale, kwa maana ubao ulikuwa mkavu na mteremko wake si mkali. Mchukuzi mmoja kijana hakujisumbua kulivuta gunia kuelekea chini. Alikuwa akilisukuma kwa wayo wa mguu kwa upande tu, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mtu anayetikisa susu la mtoto, na gunia likawa linashuka lenyewe, taratibu, kila linaposogezwa upande linateremka shubiri. Nilidhani ana nguvu za ajabu. Kumbe alikuwa ameyafahamu maumbile ya msuguano kuliko wengi waliosoma: msuguano una akiba moja tu ya nguvu, nao huitumia kupinga upande ule ambao kitu kinakwenda kwa wakati ule, ukishaushughulisha kwa kulipinga gunia lisiende kushoto, akiba yake imekwisha, na mtelemko, hata uwe mdogo namna gani, haupati tena wa kuupinga.

Mtu aliyelithibitisha jambo hili kwa vyuma alikuwa mhandisi wa Kijerumani, Gerhard Junker, aliyetangaza matokeo ya majaribio yake mwaka 1969. Kabla yake wengi waliamini kwamba nati hulegezwa na mtetemo unaoivuta na kuiachia kwa urefu wa bolti. Junker alitengeneza mashine inayokifunga kibamba kwa bolti, kisha ikakisogeza kibamba hicho upande huu na upande ule kwa kasi, huku chombo kingine kikipima nguvu iliyobaki katika bolti. Na ikaonekana kwamba bolti iliyokazwa vizuri kabisa, mradi vyuma vinavyoshikwa vinateleza kwa upande hata kwa sehemu ndogo ya milimita, hupoteza nguvu yake upesi, halafu huanza kuzunguka yenyewe kurudi nyuma mpaka ikatoka. Hakuna mkono ulioizungusha. Ni gunia la mbata lile lile, ila ubao umezungushwa ukawa duara. Mashine ya namna ile hutumiwa hata leo kuzijaribu bolti.

Turudi kwenye bastola. Bastola nyingi za siku hizi zinafuata mpango wa mbunifu wa silaha John Browning: risasi inapotoka, lile pande la juu, ambalo nitaliita kitelezi, hurudi nyuma pamoja na kasiba kwa milimita chache, kisha kasiba huinama kwa nyuma na kuinua mdomo, ikasimamishwa kwa ghafula, kitelezi kikaendelea peke yake mpaka mwisho, kikatema ganda, kikarudi mbele kwa nguvu ya springi, kikaisukuma kasiba mahali pake kwa kishindo. Yote haya hutimia kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kofia ile, iliyo ncha ya mbali kabisa ya mwendo wote huo, husukwa nyuma, juu, chini na mbele, na kila mara kasiba inaposimama kofia bado ina hamu ya kuendelea. Hakuna mashine ya Junker iliyo na ukali zaidi ya huu.

Fauka ya hayo, kofia ina udhaifu mwingine wa kuzaliwa. Bolti ndefu inapokazwa hunyooka kidogo kama springi, na mvutano huo wa ndani ndio unaovikumbatia vyuma viwili. Hata kikichakaa kitu kwa unywele mmoja, springi ina pa kurudia. Kofia ya kasiba ni fupi na nene, haina urefu wa kunyooka, hivyo ikirudi nyuma kwa nukta ndogo tu, mvutano wake wote umekwisha. Na hata huo mvutano haukuwa mwingi tangu mwanzo: wahandisi hukadiria kwamba katika nguvu za mkono unaokaza, nusu hivi huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, sehemu nne katika kumi huliwa na msuguano wa hesi, na moja iliyobaki ndiyo inayofanya kazi iliyokusudiwa. Vidole vya binamu yangu viliuma kwa haki, lakini malipo yao yalikuwa fungu la kumi. Ongeza joto, linalozitanua kofia na kasiba kwa vipimo visivyolingana, hasa kofia ikiwa ya alumini na kasiba ya chuma cha pua, na mabaki ya mafuta ya kusafishia yaliyojificha ndani ya hesi, utashangaa kwamba ilidumu hata risasi kumi na tatu.

Sasa dawa zake. Ya kwanza inayomjia kila mtu ni springi washa, ile pete iliyokatwa na kupindishwa, ambayo mafundi wetu wa magari huitia chini ya nati kwa imani kama ya mtu anayefunga hirizi. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa mwaka 1990 kitabu cha mafundisho juu ya vifungio, na humo washa hii ilihukumiwa bila huruma kuwa haifai kitu kwa kuzuia kulegea, kwa sababu kwa kawaida huwa imelala bapa bolti inapokazwa kikamilifu, na ikishalala bapa ni washa ya kawaida iliyo na ufa. Nilipomsomea hukumu hii fundi mmoja ninayemheshimu, alinitazama, akaichukua springi washa nyingine kutoka koponi, akaendelea na kazi.

Ya pili ni utepe mweupe ambao mafundi bomba huuzungushia hesi za mabomba. Wapo wanaousifu kwa bastola, nami sitawakatalia kwamba hujaza nafasi iliyo wazi kati ya hesi na hesi, ikapunguza ule mchezo wa upande ambao ndio mama wa maradhi. Lakini utepe huo ni wa utelezi kwa tabia yake, umeumbwa ili bomba likazike kwa wepesi na maji yasipite, na baada ya kufungua na kufunga mara mbili huchanika ukawa nyuzinyuzi zinazoning'inia mdomoni mwa silaha. Uachwe jikoni.

Ya tatu ndiyo niipendayo, na thamani yake haifiki senti za kununulia andazi. Ni ringi ya mpira, ambayo mafundi wa pampu na magari huiita oringi, inayovishwa hadi mwisho wa hesi, pale kasiba inaponenepa na kufanya bega, kisha kofia hukazwa juu yake. Mpira unapobanwa hutaka kurudi katika umbo lake, nao katika kutaka huko huisukuma kofia mbele bila kuchoka, hesi zikawa zimeegemeana wakati wote. Kwa maneno mengine, mpira huipa kofia fupi ile springi ambayo haikuzaliwa nayo. Tena mpira huung'ang'ania uso wa chuma, na mtikisiko wa upande huumeza badala ya kuupitisha. Ila ukubwa wake sharti uchaguliwe kwa akili: ringi ikiwa nene kupita kiasi, kofia haitalifikia bega, itasimama juu ya mpira mtupu na kuyumba kama kigoda cha mguu mmoja, ikiwa nyembamba mno, itasagika. Na mpira mweusi wa kawaida huanza kuwa mgumu ukikaa katika joto la nyuzi 100 na ziada za Selsiasi, kwa hiyo mtu apigaye risasi nyingi kwa mfululizo ama atumie ringi ya silikoni, inayostahimili karibu nyuzi 200, ama awe na desturi ya kuibadilisha ya kawaida mara kwa mara.

Ya nne ni gundi ya hesi, na hii ina hadithi. Vernon Krieble alikuwa mwalimu wa kemia katika chuo cha Trinity mjini Hartford, Connecticut, na katika miaka ya 1950 alijishughulisha na majimaji ya ajabu yenye tabia iliyo kinyume cha gundi nyingi tuzijuazo: gundi hizo hukauka kwa kupata hewa, hii hubaki maji maadamu ina hewa, na hugeuka kuwa ngumu inapobanwa penye chuma pasipo na hewa. Mahali gani duniani pana chuma pande zote na hewa haipiti, kama si kati ya nati na bolti? Kutokana na maarifa hayo likazaliwa jina Loctite, na mafundi wa dunia nzima wakajifunza kutambua rangi zake: ya buluu hushika, lakini huachia kwa spana ya kawaida, nyekundu hushika kwa nia ya kutoachia, na anayetaka kuifungua sharti akipashe chuma moto hata nyuzi 260 hivi.

Hizi rangi naziandika kwa uchungu wa mtu aliyefunzwa na makosa yake. Miaka kadhaa iliyopita skrubu ya gurudumu la cherehani ya dada yangu ilikuwa ikilegea kila baada ya mashono mawili matatu, nami, kwa ujuzi wangu mpya, nikaitia tone moja la nyekundu kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo dukani. Haikulegea tena. Haikulegea hata siku fundi alipotaka kulitoa gurudumu atie mkanda mpya, ikabidi aipashe kwa moto wa gesi, na lile ua la dhahabu lililochorwa ubavuni mwa cherehani tangu siku za marehemu mama likavimba, likapasuka, likaanguka vipande mezani. Dada yangu hakusema neno. Alikusanya vipande vile katika kiganja, akavitia ndani ya kopo la vifungo.

Kwa kofia ya kasiba, basi, tone dogo la buluu latosha, tena kwenye uzi mmoja au miwili, baada ya hesi kuoshwa mafuta yote na kukauka kabisa, na silaha ikaachwa mpaka kesho yake. Na lisipakwe karibu na tundu la kasiba. Hata hivyo anayeivua kofia yake kila wiki atachoka kukwangua mabaki ya gundi kuukuu kwa mswaki, nami kwa mtu huyo narudi kwenye mpira.

Imebaki dawa ambayo haiuzwi dukani, nayo ni kuchonga hesi kwa mkono wa kushoto. Viwanda kadhaa vya Ulaya huchonga midomo ya bastola zao kwa kipimo cha milimita 13.5, hesi moja kwa kila milimita, na kuzipeleka kinyume, kofia ikikazwa kwa kuzungushwa kushoto. Wako wanaoeleza kwamba risasi inayozunguka kulia ndani ya kasiba huipindua kasiba kushoto, kofia ikabaki nyuma na kujifungua, na hesi ya kinyume huugeuza ubaya huo kuwa kujikaza. Maelezo ni mazuri, ila nionavyo mimi nguvu hiyo ni ndogo mbele ya ule mtikisiko niliousimulia. Kofia za hesi za kushoto nazo hudondoka.

Pahali ambapo hesi ya kushoto imetenda haki hasa ni kwenye baiskeli. Mjomba wangu alikuwa fundi baiskeli chini ya mwembe, na siku niliyoruhusiwa kwanza kushika spana nilihangaika kuifungua pedali ya kushoto mpaka jasho likanitiririka.

"Mjomba, hii imeshika kutu."

"Haijashika kutu, baba. Unaikaza. Ya kushoto hufunguliwa kinyume."

"Kwa nini?"

Alichukua kifuniko cha chupa, akakiweka ndani ya kiganja kilichokunjwa kikiwa na nafasi kidogo, akakibimbirisha kwa kidole kuzunguka ukingo wa kiganja. Na nikaona kwamba kifuniko kilipozungukia ukingo kwenda upande mmoja, chenyewe kilijigeuza kwenda upande wa pili. Hivyo ndivyo ufanyavyo msumari wa pedali ndani ya tundu lake: uzito wa mguu huusukuma ubavu huu kisha ubavu ule, mduara mzima, nao hutambaa kinyume cha mwendo wa uzito. Kwa hiyo kila upande wa baiskeli umepewa hesi inayoufanya mtambao huo uwe wa kukaza. Ndugu wawili wa mji wa Dayton, Wilbur na Orville Wright, ambao kabla ya kuruka angani waliishi kwa kutengeneza baiskeli, walitangaza mwaka 1900 kwamba wanauza pedali isiyoweza kujifungua, na siri yao ilikuwa hiyo hiyo. Dayton ni mwendo wa saa moja na zaidi kidogo kwa gari kutoka uwanja ule wa shabaha, lakini binamu yangu alikuwa hajapata kusikia habari hiyo, naye ana baiskeli mbili.

Jumamosi iliyofuata tulirudi uwanjani. Nyumbani, bastola ikiwa tupu na risasi zimewekwa chumba kingine, alizisugua hesi kwa mswaki na spiriti, akavisha ringi ya mpira, akaikaza kofia kwa vidole vitupu. Kisha nikamwomba rangi ya kucha ya mkewe, nikachora mstari mwembamba mweupe unaoanzia kwenye kofia na kuishia kwenye kasiba, kama mafundi wa ndege wachoravyo juu ya nati zao ili jicho lione mara moja kilichosogea. Baada ya magazini ya kwanza alisimama, akahakikisha chemba ni tupu, akanionyesha: mstari ulikuwa umekatika, nusu yake ya kofia imehama kwa unene wa ukucha. Tuliivua pale pale. Katika uzi wa mwisho, penye kona ya bega, palikuwa na mafuta kidogo ambayo mswaki haukuyafikia. Aliyafuta kwa ncha ya kitambaa, akavisha tena, tukachora mstari mpya pembeni mwa ule wa kwanza, akapiga magazini nne, na mstari haukusogea.

Usiku ule alipoketi kuisafisha, kofia ilitoka kwa vidole viwili, pasipo spana wala kuuma meno. Aliiweka ndani ya kisahani cha chai ili isibingirike.